Mgongo wa Mrushaji

Port Harlan, Ohio
18 Aprili 1993

Mwanangu Marko,

Kabla sijakusalimu niambie kwanza kama unakula. Haya, sasa hujambo? Sisi huku wazima, isipokuwa magoti ya baba yako, na hayo tangu alipostaafu mgodini hayajawahi kuwa mazima. Barafu ya ziwani imeyeyuka yote. Shangazi yako Pavla ameng'olewa jino na anataka kila mtu alione pengo. Padre Zupan anakusalimu, ingawa Jumapili ile baada ya habari yako kutoka gazetini aliwaombea "wote waliotuacha", na mpaka leo sijaelewa kama alimaanisha marehemu au wewe.

Nakuandikia kwa sababu simuni nalia, na baba yako naye huinua simu ya chumbani asikilize, basi tunakuwa watu watatu na mmoja wao analia. Kwenye karatasi ninatulia. Mwandiko uuvumilie, unajua shule niliiacha darasa la nane nikaenda kushona glavu kiwandani.

Sasa neno lenyewe. Umeondoka, na mji mzima unalitafuna jina lako. Ijumaa kwenye mlo wa samaki wa kanisa, Rosemary Toth wa nyumba ya pili aliniambia mbele za watu, "Justina, mwanao ametuuza." Nikamwambia, "Rosemary, na wako alipohama benki moja kwenda nyingine, alimwuza nani?" Akarudi kwenye samaki wake. Lakini hapa nyumbani kazi ni ngumu zaidi. Baba yako anasema mtu akishavaa jezi ya timu yetu ya mpira wa Kimarekani, Wachimba Chumvi, azikwe nayo.

"Stane," nikamwuliza, "walipomwuza Duke Hanrahan, yeye walimwuliza?"

"Hanrahan alikuwa hana macho."

"Sikukuuliza macho yake."

"Mrushaji asiye na macho ya kuona wa kumrushia mpira haulizwi, anauzwa tu."

Na hapo, nitasema ukweli, hakukosea sana. Hanrahan alikuwa na mkono wa mzinga, lakini kila mpira ulipopotea alinyoosha kidole kwa mwenzake. Wendell, mrushaji wetu wa sasa, mkono wake ni wa kawaida, kuna vijana wa vyuo wanaorusha mbali kumzidi. Ila anaona. Na akikosea yeye hujipiga kifua, akikosea mwenzake hujipiga kifua vilevile. Mimi mrushaji wa namna hiyo ndiye ninayemwita mrushaji, hao wengine ni watu wenye mabega.

Kuhusu hii sheria mpya, kwamba mkataba ukiisha mchezaji yuko huru kwenda anakotaka, mimi naiona ni haki. Isipokuwa haki hiyo ingekuwa nyepesi kuikubali kama ingeanza na watoto wa wenzangu.

Wendell alikuja Alhamisi kama mlivyokuwa mkija wote wawili. Mkono ulizoea, nikapika soseji na kabichi chachu za watu wanne. Akala na fungu lako.

Ratiba imetoka. Mtacheza na sisi mara mbili, Oktoba hapa, Desemba huko kwenu. Ona nilivyoandika, huko kwenu.

Kula.

Mimi mama yako,
Justina


Memphis, Tennessee
9 Mei 1993

Mama,

Ninakula. Nyama ya nguruwe ya hapa inapikwa kwa moshi siku nzima, usimwambie Shangazi Pavla lakini inaishinda soseji yake. Joto limeshaanza na bado ni Mei. Nyumba ina kibaraza, nimenunua kiti kimoja. Msalimu Baba. Msalimu Padre, mwambie bado niko hai.

Uliniuliza siku ile ninaondoka kwa nini, nikasema mkataba. Nikueleze vizuri. Huko Port Harlan kocha alikuwa ananiingiza pale tu wapinzani wanapolazimika kurusha, namkimbilia mrushaji wao nimwangushe, natoka, nakaa benchi. Hapa timu ya Manahodha inanitaka mwanzo mpaka mwisho. Nina miaka thelathini na moja, Mama. Nafasi kama hii haiji tena.

Tena kuna jambo utacheka. Wiki nzima, miaka yote ile, nilikuwa nafanya mazoezi dhidi ya Wendell. Unajua mrushaji mazoezini huvaa jezi nyekundu ili asiguswe. Ukimwangusha aliyevaa nyekundu unakimbia kuzunguka uwanja mpaka utapike. Basi mimi nilikuwa namzunguka anayemlinda, nafika nyuma ya Wendell, nampiga kikofi mgongoni, nasema "umekufa", tunarudi kuanza upya. Nadhani nimemwua hivyo mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani, na sijawahi kumwangusha hata mara moja. Jumapili nilikuwa nawaangusha warushaji wa watu wengine, Jumatatu narudi kwa wangu nampapasa kama paka.

Oktoba atakuwa amevaa jezi ya kawaida. Mwambie ale mkate wako wa njugu kwa wingi, atahitaji kitu cha kuangukia.

Marko


Port Harlan
2 Septemba 1993

Mwanangu mpendwa,

Najua nimenyamaza kiangazi chote. Nyanya zilizaa kuliko mwaka jana, nikawa nazipika na kuzifunga kwenye chupa kila siku. Kisha ikaja harusi ya binti wa Pavla, na kwenye ngoma baba yako alicheza polka na magoti yale yale anayoyalalamikia, halafu siku ya pili nikamwosha miguu kama Papa wa Roma siku ya Alhamisi Kuu. Bwana harusi ni mtu mzuri, anafanya kazi ya mabomba. Tulikuwekea kipande cha keki kwenye barafu.

Ukweli ni kwamba nilianza kukuandikia mara kadhaa nikaacha.

Sasa nitasema na baada ya kusema sitarudia. Wendell shingo yake si nzima. Alhamisi moja ya Julai alikuwa mezani, nikamwita kutoka kwenye jiko, "Wendell, chumvi." Hakugeuza kichwa. Aligeuka mwili mzima, na kiti, kama mlango unavyogeuka. Nikadhani amelala vibaya. Alhamisi iliyofuata ikawa vilevile, na uma ukamtoka mkono wa kushoto, akautazama sakafuni kama si wake. Nikazima jiko nikakaa mbele yake. Akaniambia ni lile pigo la mechi ya mwezi wa kwanza, kwamba tangu siku ile mkono hufa ganzi halafu hurudi. Daktari wa timu hajui. Akanishika kiganja, akasema, "Hili libaki humu jikoni, Mama Marko."

Halijabaki jikoni. Nimekuambia wewe. Usimwambie mtu hapo Memphis, na zaidi ya wote usimwambie kocha wako, maana kocha akijua mtu anaumwa wapi atawatuma wote hapo hapo.

Sikuombi kitu, Marko. Kazi yako naijua, imekulisha na imetulipia paa hili. Nimekuambia tu kwa sababu ingetokea kitu bila wewe kujua, ungeishi nalo, na mimi ningekutazama ukiishi nalo huku nikijua.

Nimekuwa namuuliza baba yako habari za kanuni. Namuuliza kwa ujanja, kama ninayeuliza ili kupitisha muda. Mpira ukishatoka mkononi mwa mrushaji, wewe ukimpiga, refa anarusha kitambaa cha njano cha adhabu na timu yako inarudishwa yadi kumi na tano, hilo nalijua hata mimi. Lakini kama bado anao? Lazima aangushwe chini? Baba yako anasema hapana, kuna kanuni kwamba mrushaji akishakamatwa barabara hawezi kujitoa, refa anapuliza na mchezo umekwisha hapo, hata kama wamesimama. Anasema kanuni hiyo ni ya watu laini, na kwamba enzi zake mrushaji alikuwa anaokotwa vipande. Nikamwambia enzi zake alikuwa chini ya ardhi anachimba chumvi, mpira aliusikia kwa redio. Tukanuniana mpaka chakula.

Wendell bado anakuja, na anakula vizuri. Tena anaongea habari zako kama mtu ambaye ndugu yake amehama.

Mama yako,
Justina


Memphis
24 Septemba 1993

Mama,

Hongera kwa nyanya. Niwekee chupa. Mpe pole Baba, mwambie mwanaume wa umri wake acheze polka za taratibu. Huyo fundi wa mabomba ana ndugu? Bomba la bafuni kwangu linavuja na huku hakuna anayekuja akisema atakuja.

Tumeshinda mechi mbili na kupoteza moja. Nimewaangusha warushaji wawili. Wa kwanza alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza, macho yake yalikuwa makubwa, nilipomwinua akaniambia "asante, bwana", nikacheka mpaka refa akanitazama.

Baba yuko sahihi kuhusu kanuni. Ila marefa hawapulizi mapema, wanaogopa kuzomewa.

Nitakuja na timu Jumamosi usiku na kuondoka Jumapili baada ya mechi. Kocha haruhusu tutoke hotelini. Usipike.

Marko


Port Harlan
18 Oktoba 1993

Mwanangu,

Nilipika. Ulinipita umbali wa meza, mko kwenye mstari kwenda kwenye basi, nikainua kifurushi cha chakula na wewe ukainua mkono. Mlinzi alikataa kukifikisha. Nimempa Rosemary.

Barua yako ya Septemba niliisoma nikaigeuza nyuma kuona kama huko umemtaja Wendell. Basi. Nyumbani wote wazima.

Sijui nianzie wapi jana. Tulikaa viti vyetu vile vile, upepo wa ziwani unatoboa. Watu walikuzomea ulipoingia, nadhani ulisikia. Mtu wa nyuma yetu, simjui, alikuwa akipiga kelele, "Hribar, ulisahau kofia, umerudi kuichukua?" Baba yako akageuka akamwambia, "Huyo ni mwanangu." Yule akasema, "Pole mzee." Baba yako akajibu, "Mzomee, lakini mzomee kwa jina kamili."

Mimi sikutazama mpira. Mpira sijauangalia tangu ulipoanza kucheza darasa la tisa, mimi nakuangalia wewe. Kwa hiyo nilikuona kabla ya uwanja mzima. Tulikuwa nyuma kwa pointi nne na muda umekaribia kwisha. Yule jitu anayemlinda Wendell upande wa kushoto aliteleza, na wewe ukapita. Hapakuwa na mtu kati yako na mgongo wa Wendell. Yeye anatazama mbele anatafuta mtu wa kumrushia, hajui kama uko. Nilikamata koti la baba yako. Sikuweza kufumba macho, nilijaribu.

Ukampiga kikofi mgongoni.

Ukasimama. Na yeye akasimama, nakuapia, aliteremsha mpira kidogo kama mtu aliyesikia mazoezi yamekwisha. Mkatazamana. Halafu yeye ndiye aliyekumbuka kwanza, akarusha, na mpira ukaenda ukavuka mstari mikononi mwa kijana wetu, na tukashinda.

Watu walicheka mpaka wakalia. Mji mzima leo unakupenda. Kwenye duka la nyama wamenipa soseji bila kulipa, eti "za mwanao wa kwetu". Rosemary anasema damu imerudi kwenye mishipa yake. Baba yako hakucheka. Tulipofika nyumbani alivua viatu, akasema tu, "Watamfanya nini kule?"

Ndilo ninalokuuliza na mimi. Watakufanya nini? Na ilikuwa mazoea, Marko, au ilikuwa barua yangu?

Mama


Memphis
5 Novemba 1993

Mama,

Mimi mzima. Bomba limetengenezwa.

Ilikuwa mazoea. Jezi haikuwa nyekundu lakini mgongo ulikuwa ule ule, mkono ukaenda wenyewe. Nilisema na "umekufa", nadhani hukusikia ulipokuwa. Jumatatu kocha alionyesha video mbele ya timu nzima, akarudisha nyuma, akaonyesha tena. Sasa wananiita Umekufa. Mpishi wa timu ananiita Umekufa. Nimekaa benchi mechi zote tangu siku hiyo, na kijana aliyechukua nafasi yangu anakimbia vizuri, siwezi kusema vingine.

Mkataba wangu wana njia ya kuuvunja mwisho wa msimu wakitaka. Nakuambia ili usisome gazetini.

Usiniulize tena habari ya barua.

Daktari wao bado hajui?

Marko


Port Harlan
28 Novemba 1993

Mwanangu Marko,

Sikukuu ya Shukrani ilipita salama. Bata mzinga alikauka, kosa ni la oveni. Pavla alileta mume wa binti yake, akanitengenezea sinki bila kuulizwa, kwa hiyo huyo tumemkubali. Theluji imefika kwenye vizingiti. Kwenye kiti chako nilimkalisha Wendell ili kisiwe kitupu.

Nilimwambia baada ya watu kwenda sebuleni. Nilimwambia wewe unajua, na kwamba ni mimi niliyesema. Nilitegemea atakasirika. Alikaa akifuta kisu kilichokuwa kimeshafutwa.

"Kwa hiyo Oktoba alinihurumia," akasema.

"Anasema ni mazoea."

"Wewe unaamini nini, Mama Marko?"

"Mimi naamini uende kwa daktari."

Akanieleza kama mtoto anavyoelezwa. Mkataba wake nao unaisha msimu huu. Machi atakuwa huru, na kuna timu za kumgombea, kwa mara ya kwanza maishani mwake yeye ndiye atakayechagua. Miaka yote wamemweka hapa kwa sheria ya zamani, hakulalamika, na sasa mlango umefunguliwa. "Daktari akiiona hii shingo," akasema, "nitakuwa huru kweli. Huru kwenda nyumbani." Anataka mwaka mmoja mahali penye jua. Nilimtazama mtu huyu aliyejipiga kifua kwa makosa ya wenzake muda wote ule, nikashindwa kumwambia hastahili.

Kisha akanipa ujumbe, nami naufikisha kama ulivyo. Amesema, "Mwambie Marko asinihurumie Desemba. Mrushaji akianza kuhurumiwa ameshakwisha, na yeye akinihurumia mara ya pili amekwisha pamoja nami."

Nimeufikisha. Kwa upande mmoja una kazi yako, ukimwacha tena watakufukuza na watakuwa na haki. Kwa upande wa pili kuna shingo ya mtu. Nimezunguka jikoni siku tatu nikitafuta cha kukuambia, na kila nikikipata naona ni kwa faida ya moyo wangu tu, si kwa faida yako. Mimi naogopa, Marko. Hilo ndilo ninalo.

Vaa kitu shingoni, hata kama huko hakuna baridi.

Mama yako


Memphis
20 Desemba 1993

Mama,

Najua mliona kwenye televisheni, lakini televisheni haikusikia, kwa hiyo nakuandikia leo leo.

Sikupangwa. Yule kijana aliumia kifundo cha mguu baada ya mapumziko, kocha akatazama benchi nzima kabla ya kunitazama mimi. Akasema, "Umekufa, ingia. Na safari hii umuue." Wenzangu wakacheka. Nikaingia.

Wendell aliniona. Kabla ya mpira kuchezwa alinyanyua kidevu kidogo tu, kadiri kinavyoweza kunyanyuka sasa. Mara mbili za mwanzo sikumfikia. Ya tatu nilipita kwa ndani, na nikakuta tena mgongo ule, na mpira bado anao.

Mama, nilikuwa nimefikiria wiki tatu na sikuwa nimepata jibu. Lilikuja mikononi. Nilimkumbatia kwa nyuma, mikono yake na mpira vyote ndani ya mikono yangu, nikakita miguu na kumshika. Sikumvuta wala kumwegemea. Niliishikilia ile shingo isiende popote, kama vile mtu abebavyo kioo cha dirisha.

Akasema, "Niangushe."

Nikasema, "Hapana."

"Marko, watu wanatazama. Niangushe, bwana."

"Hutoki humu, Wendell. Ngoja refa."

Refa hakupuliza. Nilimwona anatutazama, anafikiria watamzomea vipi. Mwenzangu mmoja alikuwa anakuja mbio kutoka mbele, kichwa chini, anataka kumalizia. Nilimgeuza Wendell, nikaweka mgongo wangu. Mwenzangu akanipiga mimi ubavuni, bado napumua kwa taabu, usijali, ni mbavu tu. Hapo ndipo filimbi ikalia. Imehesabiwa. Kwenye vitabu vyao nimemkamata mrushaji akiwa na mpira wake, yadi saba nyuma, bila kitambaa cha njano.

Sikumwachia mara moja. Nilimwambia sikioni, "Daktari wenu yuko pale kwenye mstari, amevaa kofia ya buluu. Nenda wewe, au naenda mimi, na nikienda mimi nitasema kwa sauti."

Akanitukana. Matusi ambayo sijawahi kumsikia nayo. Nikamwachia. Akasimama pale kwa muda, wenzake wanamwita waendelee na mchezo. Kisha akageuka na kutembea kwenda kwa yule mwenye kofia ya buluu, akavua helmeti. Hakurudi tena uwanjani.

Tangu hapo sijui chochote. Gazeti la hapa linasema "shingo" na basi. Hajapokea simu yangu. Niambie umesikia nini, hata kama ni kibaya.

Marko


Port Harlan
9 Januari 1994

Mwanangu mpendwa Marko,

Mbavu zikoje? Nimekutumia dawa ya kuchua ya Pavla, inanuka lakini inafanya kazi. Baba yako mzima. Amenunua mkanda wa video wa ile mechi kwa mtu na anauangalia pale pale kila jioni. Jana alimwita fundi wa mabomba, akamwonyesha kwa kidole, "Tazama miguu yake. Hapo anafundisha." Mimi napita na vyombo, natazama na mimi.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa nangoja kujua, na kila siku palikuwa na nusu ya habari.

Wendell walimpiga picha za mifupa. Kuna mfupa shingoni uliopasuka tangu mwaka jana na ukapona vibaya, na uti wa mgongo unapita karibu nao kama uzi karibu na mkasi. Daktari mkubwa alimwambia pigo moja zuri tu, hata la halali, na asingetembea tena. Alhamisi iliyopita ametangaza ameacha mpira. Alikaa mbele ya waandishi amefungwa kola shingoni, akasema yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa daktari. Jina lako hakulitaja. Mji umelia kama kwenye msiba. Kwenye samaki wa Ijumaa watu walikuwa wanamtaja kwa wakati uliopita, nikawaambia mtu huyu yuko hai, anaishi mtaa wa pili, pelekeni chakula.

Hakuja kwangu wiki zile zote. Sikwenda. Nilijua amekasirikia nyumba hii nzima, nikasema ana haki, machozi yakipita atajua njia.

Leo amekuja. Alibisha mlango wa mbele, ambao tangu nimjue hajawahi kuutumia. Nikamkaribisha, akakataa kuvua koti. Akasimama katikati ya jikoni.

"Sikuja kushukuru," akasema.

"Sijakuomba ushukuru."

"Ningepata mwaka mmoja, Mama Marko. Kuna timu zilikuwa tayari kunipa miwili."

"Najua."

"Alinishika kama mtoto mchanga, mbele ya taifa zima."

Nikamwambia, "Wendell, mimi nimewatazama wakamataji tangu nikiwa msichana. Nimeona wa kuvunja na nimeona wa kuogopa. Wa kumshika mtu hivyo, na ushindi wake akauchukua, na pigo la mwenziwe akalipokea yeye, nimemwona mmoja tu, na nilimzaa mimi. Kama unataka kumtukana, mwandikie mwenyewe, anwani ninayo."

Kisha akavua koti. Alikula, si sana. Akaniuliza kama ni kweli Manahodha wamekubakiza, nikasema ndiyo, kocha amesema mwenyewe kwa simu. Akasema, "Wangekuwa wapumbavu kama wasingembakiza," halafu akasema, "Mwambie bado anaingia kwa ndani mno, mlinzi mwenye akili atamsukuma nje." Hilo nalo nimelifikisha. Sijui kama mtarudi kuwa kama zamani. Sitakuahidi kitu nisichokiona.

Alipoondoka nilitaka baba yako amrudishe kwa gari kwa sababu theluji ilikuwa inaanguka. Akakataa, akasema atatembea. Nikasimama dirishani. Alikwenda polepole na ile kola yake, akapita kwa Rosemary, akapita kanisa, akavuka barabara kwa miguu yake mwenyewe. Nilimtazama mpaka akafika kona, ndipo nikakaa kukuandikia.

Mama yako,
Justina